Mshika Kamba

Kwanza nilishika kamba ya maksai.
Bukumbi, mvua za mwanzo, miaka tisa sijatimiza:
Serikali kushoto, Kodi kulia,
mjomba Lugodisha nyuma, amening'inia kwenye plau,
nami mbele, matope hadi magotini,
nimekatazwa kugeuka.
Ng'ombe akiuona uso wako, alisema mjomba,
husimama akuulize mnakwenda wapi.

Sasa nasimama uwanja wa ndege, Mwanza,
koti la kung'aa, vibao viwili vyekundu,
na huyu ninayemwongoza sharti anione uso.

Ikiwa juu, jina la ndege linaikaa vizuri.
Mimi naijua ya huku chini,
inayochechemea juu ya mstari wa njano,
mabawa yamelemewa mafuta,
vigurudumu kama vya toroli la soko la Kirumba
chini ya tumbo la watu sabini na kitu.
Tena vigurudumu vyenyewe havina nguvu
(hili lilinishangaza siku ya kwanza):
injini haivizungushi.
Mapanga yanasukuma hewa,
na hewa inasogeza nyumba nzima ya bati.
Breki iko miguuni mwa rubani.
Kurudi nyuma haithubutu,
mpaka Masalu aje na trekta lake, aishike pua.

Jana alfajiri korongo alisimama katikati ya njia,
kipara, mikono nyuma,
karani mstaafu anakagua ofisi yake ya zamani.
Ndege ikangoja. Mnara ukauliza redioni kuna nini.
Nikampungia vibao vyote viwili.
Akanitazama, akaupima mshahara wangu,
akaona hauna amri juu yake.
Halafu, kwa hiari yake, akaanza kukimbia,
hatua tano, sita, saba,
miguu inagongana, mabawa yanapiga lami kuliko hewa,
na nyasi zote zilikuwa zimekwisha ndipo akainuka.
Hata aliyezaliwa na jina hilo
hukopa ardhi kwanza.

Ndani, nilisimuliwa baadaye, bibi mmoja wa Sangabuye,
safari yake ya kwanza, kikapu magotini,
alikuwa akihesabu mitikisiko.
"Mbona tunatembea tu? Dar tutafika kwa miguu?"
Hakuna aliyecheka.
Walikuwa wanajiuliza hilohilo.

Mwisho wa lami, ziwa liko karibu.
Pale ndege hugeuka polepole,
bawa moja linapita juu ya majani,
kama Serikali na Kodi mwishoni mwa tuta,
mahali ambapo mjomba hakuinua mjeledi hata siku moja.
Aliwaacha wavute pumzi.
Naye rubani huvuta yake: mbele yake lami yote,
nyuma yake maji, mawe yaliyobebana,
mitumbwi ya dagaa inarudi na taa zimezimwa.
Kisha ngurumo.

Kuruka kwenyewe siangalii.
Si kazi yangu.

Jioni inarudi.
Moshi wa mpira, kelele za kukatalia, kisha unyonge.
Iliyovuka Shinyanga kwa dakika chache
inaniomba sasa hatua tatu.
Nampa rubani moja. Nampa ya pili.
Wadudu wa ziwani wamejaa kwenye taa, wananiingia puani,
na mtu mwenye vibao hana mkono wa kujifutia.
Ya tatu nampa nusu.
Navipishanisha vibao juu ya kichwa:
inasimama, pua inainama mara moja
kama inasema mwadila.

Holo anaweka kabari.
Mapanga yanapunguza mbio mpaka unaweza kuyahesabu.
Naligusa gurudumu la mbele, jambo tusiloruhusiwa.
La moto,
kama shingo ya Kodi tulipomvua nira.

Mlango unafunguka.
Wa kwanza kushuka anauliza choo kiko wapi.