Tikiti Lililoondoka

Baba mkwe hutoka mlangoni saa mbili usiku,
anavua ndala, anaweka wayo juu ya lami.
"Bado," anasema, kama mpishi aliyeonja chumvi.
Saa tatu, tena. Bado.
Saa nne anauacha wayo pale pale
akihesabu kimoyomoyo hadi ishirini,
na watoto wanne wanautazama mguu wake
kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi.
"Haya. Ahvaz imepoa."

Imepoa!
Kipimajoto cha duka la dawa kinasema arobaini na moja.
Mimi mtoto wa Tabriz,
niliyekua nikivunja barafu ya ndoo kwa kisigino,
mwaka wa kwanza nilicheka, kisha nikalia:
nani hutembeza watoto usiku wa manane?
Mji mzima, kumbe. Hata kichanga cha jirani
kilichotimiza arobaini yake juzi.

Tunapakia. Zulia lenye tundu la sigara
ambalo Kiumars, mume wangu, anakana mpaka leo,
birika mbili, feni inayokula betri ya gari,
sambusa, jibini, mnanaa,
mbegu za alizeti kilo nzima,
na mama mkwe kiti cha mbele, tikiti mapajani,
amelipakata kama mjukuu wa tano.

Nyasi za ukingo wa Karun zimekwisha kaliwa.
Zulia kwa zulia, viatu vimepangwa pembeni,
ukuta hakuna hata mmoja
na kila mtu yuko kwake.
Anayepita katikati hupita ameinamisha macho,
kama aliyekosea mlango.

Kiumars akalitia tikiti ndani ya wavu,
akalifunga kwenye jiwe, akalitosa mtoni lipoe.
"Fundo la baharia hili," akasema,
yeye ambaye mtumbwi kauona kwenye kalenda.

Parniani ndiye aliyetuambia, mdomo umejaa mkate:
"Mama, tikiti linaondoka."
Halikuzama. Liliondoka,
polepole, mgongo juu, na wavu wake,
kama mgeni asiyetaka kuaga.

Ushauri haukukosekana.
Wa zulia la kulia alitaka fimbo ndefu,
wa kushoto alitaka kijana anayejua kuogelea,
mama mkwe alitaka kujua, mbele ya watu wote,
ni nani aliyefunga lile fundo.

Nusu saa baadaye akaja mtoto peku,
maji yakimchuruzika, na sahani ya maua ya buluu.
Juu yake, nusu tikiti. Letu.
"Mama anasema mtusamehe," akasema kwa Kiarabu, kisha kwa Kiajemi,
"tumekata kwanza, kuuliza baadaye."

Sahani hairudi tupu. Tukaijaza sambusa.
Abudi akaenda, akarudi: tende, zinateleza kwa asali yake zenyewe.
Tukatia jibini na mnanaa.
Akarudi: bajia za dengu, moto, pilipili ya kutosha kuua mtu.
Mara ya nne hakwenda tena.
Alikaa mbele ya feni apumzike kidogo
na usingizi ukamchukua na mbegu mkononi.

Mama yake akaja kumtafuta, Nuria, baibui mabegani.
Akamwangalia, akaiangalia feni,
akavua viatu, akavipanga na vyetu.
Tukazungumza nini? Bei ya kiyoyozi. Magoti.
Dada yake aliye Kuwait. Mama yangu,
anayenipigia simu kutoka Tabriz kuniambia
kule usiku wanajifunika blanketi,
na mimi namwambia hongera, mama.

Alfajiri ikaanza kutupasha migongo.
Baba mkwe akagusa lami kwa wayo, akaurudisha haraka.
Hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Barabarani ndipo nilipoiona chini ya kiti,
sahani ya maua ya buluu, maganda ya mbegu ndani.
"Wanakaa mtaa gani?" akauliza Kiumars.
Hatukuuliza.
"Basi Alhamisi," akasema mama mkwe, macho yamefumba,
"na kamba nitafunga mimi."