Viroba Viwili vya Mchanga

Kuni umezishusha Valdivia, Yasna,
pesa umezihesabu mara mbili, lango la nyuma umelifunga,
na unadhani kazi imekwisha.
Pikapu iliyobeba hutulia kama mjamzito.
Iliyoshushwa mzigo hupata wazimu mwepesi:
nyuma yake haina tena neno la kuiambia barabara.

Babu yako Rosamel hakunifundisha haya.
Aliendesha kwa mluzi na kwa bahati,
na bahati ikamtosha mpaka mapafu yalipomlaza.
Nilijifunza peke yangu, mwezi wa Aprili,
mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu.
Hiyo ndiyo mbaya,
si ile ya Julai inayomwaga siku kumi bila kuvuta pumzi.
Ya Julai imeshaosha. Ya kwanza huamsha tu:
mafuta ya malori ya magogo yaliyolala kwenye lami tangu Desemba,
vumbi, mpira uliosagika,
vyote huelea juu na kung'aa rangi rangi
kama shingo ya njiwa.
Ukiona uzuri ule, punguza mwendo.

Ilikuwa kona ya mikaratusi, kabla ya Paillaco.
Wiki tatu tangu mazishi.
Nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu,
sasa niambie, haraka ya nini?
Nikakanyaga breki katikati ya kona.
Nyuma ikatoka.
Haikupiga kelele. Ilitoka kimya,
kama mgeni anayeaga mezani kistaarabu,
na kioo cha mbele kikajaa miti
iliyopaswa kuwa ubavuni.

Mkono ulitaka kuunyonga usukani.
Usukani si shingo ya kuku.
Mguu ulitaka kuizamisha breki hadi chuma.
Na jicho, msaliti mkubwa kuliko wote,
lilitaka kuutazama mti mmoja mnene, gome limebambuka;
gari hulifuata jicho
kama mbwa afuatavyo mfuko wa nyama.

Sijui nani aliuinua mguu wangu.
Uliinuka. Nikaiacha breki, nikayaacha mafuta,
nikaitazama barabara, ile iliyopinda kwenda nyumbani,
nikageuza usukani upande ule ule nyuma ilikokimbilia,
kidogo,
kama kufungua mlango wa chumba alimolala mtoto.
Nyuma ikarudi.
Na wengi huzikwa hapa, Yasna, hapa penye shukrani.
Mkia haurudi kusimama, hurudi kupita,
na pigo la pili lina nguvu ya la kwanza
na ya woga wako juu yake.
Nyoosha mapema. Nyoosha kabla moyo haujaamini.
Ulipiga kulia, ukapiga kushoto, ukapiga tena, sasa mdogo,
kama samaki anayechoka ndooni;
kisha zikabaki wipa tu,
zikisema hapana, hapana, hapana.

Nililia kwenye kituo cha basi.
Kwa ajili ya Rosamel au ya matairi, sijui;
yalikuwa vipara, naye aliahidi kuyabadilisha
tangu mwaka wa tetemeko.

Don Eleuterio wa duka la matairi hakuuliza kitu.
Alipitisha kidole pale palipokuwa na kashata,
akanifungia mapya manne kwa deni,
akatupa nyuma viroba viwili vya mchanga, juu ya ekseli.
"Mama," akasema, "kitu chepesi mno hakijui kiende wapi."
Nilidhani anazungumzia gari.

Viroba bado vipo. Kimoja kimeota nyasi.
Usivishushe, hata mteja akikuambia vinachukua nafasi.
Umalize kupunguza mwendo kabla ya kona,
ndani ya kona miguu yako iwe na adabu.
Supu iko motoni mpaka saa mbili.
Ikipoa, nitaipasha.