Ama Mbili, Ama Tatu

Mlango wa stoo ya Bi Mishi, pale Mwandoni,
una mistari ya makaa toka kitasani hadi chini.
Siku kavu, mstari.
Siku bomba limekohoa likatapika, duara.
Karibu miezi kumi hakukosa,
ila wiki aliyolazwa, na hiyo alimwachia Shee,
ambaye mistari yake imelala chali kama mwenyewe.

Nilikwenda na daftari na kikokotoo,
mwalimu wa hisabati, viatu vya kufunga kamba,
nikahesabu mapengo kati ya duara na duara:
mbili, tatu, mbili, tano, moja, tatu, nne, mbili,
arubaini na moja yote pamoja,
na humo ndani, kama mwiba wa samaki kooni,
thelathini na saba.

"Wastani," nikasema, "ni siku sita."
Akaendelea kuchambua mchele.
"Hiyo sita yako mie siijui.
Sijapata kuingoja.
Mie hungoja ama mbili, ama tatu,
ama hungoja hata nikasahau nangoja nini."

Nikarudi nyumbani na sita yangu.
Kweli, mlango mzima hauna pengo la siku sita.
Yale mafupi yamesongamana upande mmoja
kama watoto mbele ya tanuri la mofa,
kisha mkia, mwembamba, mrefu,
unaoukokota wastani
mpaka mahali asipokaa mtu.

Nikashika pengo moja moja, nikalitia logi.
Thelathini na saba ikanywea.
Kilima kilichoegemea kushoto kikajinyoosha,
kikakaa kitako kama mgeni aliyekaribishwa.
Nikabaki natafuta mawili tu:
kitovu, na upana wa kutawanyika.
Nikazijaribu jozi, moja baada ya moja,
kila moja nikiiuliza:
kama ni wewe unayetawala mabomba,
mlango huu ungekushangaza kiasi gani?
Iliyoshangaa kidogo kuliko zote, nikaipigia mstari.

Kitovu: siku nne kasoro.
Lakini upana ndio wenye maneno.
Upana ulisema: katika ngoja ishirini,
moja itapita siku ya kumi na nane,
na haitabisha hodi.

Nikampelekea.
"Usinunue mapipa kwa kitovu, Bi Mishi.
Nunua kwa mkia. Moja halitoshi, weka matatu."
Akanishika mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba.
Manne, ya buluu, yamefunikwa mabati na mawe.
"Haya niliyanunua siku ya thelathini na nane," akasema.
"Nawe umeyajua kwa kalamu. Si haba."

Kisha akaurudia mlango, akainama,
akagusa chini kabisa, baada ya duara la mwisho:
mistari kumi na mmoja, haijafungwa.
"Na hizi mbona hukuzihesabu? Hizi si siku?"

Nilikuwa nimeziacha.
Nilijiambia ngoja isiyokwisha haina urefu.
Usiku ule nikaiingiza kama ilivyo,
si kumi na moja, bali kumi na moja na zaidi,
na kitovu kikasogea kidogo,
kama mtu anayempisha mwenzake jamvini.

Asubuhi nilipopita kwenda shule
alikuwa anapuliza vumbi la makaa vidoleni.
Wa kumi na mbili. Umenyooka.