Uzi wa Pili

Nyumbani niliaga naenda mazoezi ya kwaya,
begi la gitaa nikalibeba liwe shahidi wa uongo.
Sikuelekea usharikani.
Nilikata kushoto, nyuma ya stesheni ya reli,
penye lile ghala la kahawa lisilo na kahawa
ambalo kina Elinisafi hulikodi usiku mmoja mmoja.

Elinisafi namjua kwa mizani.
Ndiye hututengenezea mizani ya ofisini,
kijana wa maneno machache, penseli sikioni.
Mwezi uliopita alinipa kikaratasi:
"Mhasibu, njoo utusikie. Tunapiga roki."
Alilitamka hilo neno kama mtu anayekiri deni.

Kiingilio elfu saba.
Binti wa mlangoni akanigonga mhuri juu ya kiganja,
wino wa zambarau, jina la bendi: KUTU.
Akaniamkia shikamoo.
Hapo ndipo nilipokumbuka umri wangu.

Tulikuwa hamsini, labda sitini.
Hesabu ni kazi yangu, ila giza lilinizidi.
Wanafunzi wa chuo, wapagazi watatu walioshuka mlimani jana
midomo imebabuka kwa baridi,
nesi mmoja, sare yake ikichungulia chini ya sweta.
Jukwaa lenyewe chaga nne za mbao
zilizowahi kubeba magunia, na harufu bado.

Walianza bila salamu.
Shose na besi, ametupa mgongo.
Elinisafi akizipiga ngoma kama anayetafuta kilo iliyopotea.
Na Ndekirwa mbele, mwembamba kama risiti.
Sauti yake haikuwa nzuri, niseme kweli.
Mwalimu wetu angemrudisha mstari wa nyuma.
Ilipotakiwa kupanda, ilipasuka,
lakini ilipasukia pale pale
ambapo na mimi nina ufa.
Aliimba ankara ya maji.
Aliimba kaka aliyekwenda Mererani
anayetuma ujumbe usio na nukta.
Spika zikakoroma, sakafu ikanipanda miguuni,
nami nimesimama, mikono mfukoni,
natikisa kichwa kidogo, kidogo tu,
kama anayekubali hoja kikaoni.

Wimbo wa tano, uzi ukakatika.
Ta! Ukamchapa shavuni.
Akalitazama gitaa, akatutazama sisi.
"Jamani, kuna mwenye uzi wa pili?"
Watu wakacheka.
Nani huja starehe na uzi?

Mfuko wa mbele wa begi, ndani ya bahasha ya sadaka,
uzi wa pili, mpya,
umenunuliwa kwa fedha ya idara ya uimbaji,
stakabadhi ninayo.
Nikapiga hesabu: nikinyoosha mkono, nesi ataniona,
na nesi, sasa namtambua,
Jumapili huketi upande wa alto, benchi la tatu.
Mkono ulikuwa juu kabla hesabu haijafunga.

"Mzee, Mungu akubariki," akasema kwenye maiki,
na ghala likaitikia amina,
wengi kwa mzaha.

Niliufunga mwenyewe.
Nikapiga goti juu ya chaga, nikazungusha ufunguo,
sikio karibu na mbao, sikio lenyewe limeshaanza kuvuma.
Ukapanda. Ukapanda. Ukatulia.
Akaugusa mara moja, peke yake, kuujaribu,
na ule uzi wa tenzi ukatoa mlio
ambao kwa miaka kumi na tisa
sijawahi kuuomba.

Alitaka kunilipa. Nikakataa.
Daftarini nitaandika: umechakaa.

Jumapili mhuri ulikuwa haujatoka,
si kwa sabuni ya mche, si kwa jiwe.
Nikavaa shati la mikono mirefu.
Matangazo yote niliyasikia kwa mbali,
masikio yangu yamelala ghalani.
Nesi hakunitazama.
Naye, na joto lile, alivaa mikono mirefu.

Mwalimu akainua kidole: moja, mbili…
Begini hakuna uzi wa akiba.
Nilijua hivyo, nikaupiga wa pili
kwa nguvu kupita inavyotakiwa.