Ncha Mbili za Mpira

Fundi Okethwengu hakuanza kwa jembe.
Alianza kwa kutembea, viatu mkononi,
kiwanja chote, hamsini kwa mia,
akiupima udongo kwa nyayo.
"Hapa, mama, pamelegea. Palikuwa na nini?"
Palikuwa na mfenesi. Baba aliuangusha
mwaka ule barabara ya Masindi ilipopanuliwa,
akauza mbao, akaacha kisiki kijiozee.

Siku mbili tuliuondoa udongo mweusi,
mzuri kwa mihogo, mbaya kwa nyumba,
tukaurundika kando,
nisije nikazika chakula chini ya sakafu.
Kisiki kilitoka vipandevipande, kama jino bovu.
Kile kichuguu cha pembeni vijana walikichimba
hadi kiunoni, hadi kifuani.
"Malkia! Mkimwacha malkia mmecheza tu!"
Walimtoa saa nane mchana,
mnene, mweupe, kama kidole cha mgonjwa.
Kuku wa jirani hakuuliza cheo.

Shimo halijazwi kwa pupa.
Maramu shubiri moja, maji kidogo, shindilia.
Maramu shubiri moja, maji kidogo, shindilia.
Gogo likipanda, gogo likishuka,
kwanza bu, bu, kama godoro la pamba,
hata jioni, vijana wakiwa hoi,
ti. Ti.
"Sikia," akasema fundi. "Imeanza kujibu."

Siku ya kupima usawa, msaidizi hakuja. Malaria.
Na nani apite na baiskeli, gunia la mahindi nyuma,
akielekea kinuni, uso kautazamisha mbele?
Isingoma. Pacha wangu.
Alinitangulia duniani kwa dakika chache,
na kwa dakika hizo amenidai ardhi
tangu tulipomzika baba.
Miaka minne, hodi hakuna.
Okethwengu ni mtu wa Nebbi, atajuaje?
"Wewe mzee! Nishikie hapa kidogo."

Mpira ule unaonyesha ndani, mita ishirini, umejaa maji.
Fundi aliupigapiga kwa ukucha toka mwanzo hadi mwisho,
akifukuza hewa.
"Povu moja likibaki katikati," akasema,
"maji yatawadanganya nyote wawili."

Nilishika ncha yangu kwenye kigingi cha mashariki.
Yeye yake, magharibi.
Maji yakapanda kwake, yakashuka kwangu,
yakarudi, yakayumba.
Hapo kunyamaza hakuwezekani.
"Yametulia?"
"Bado."
"Sasa?"
"Inua kidogo."
Miaka minne, na nilichopewa na ndugu yangu
ni *inua kidogo*.
Nikainua.

Macho yangu yalikuwa yameapa siku zote
kwamba upande wangu ndio wa juu.
Maji yakasema kwake pamenizidi shubiri mbili na nusu.
Fundi akapiga alama, akafunga uzi.
"Tunakata kule, tunajazia huku. Udongo ni huohuo."
Isingoma alitazama uzi
kama mtu anayesoma barua ya mwenzake.

Alivishika vigingi vyote vinne.
Kisha akajifuta mikono kwenye suruali,
akasukuma baiskeli, akapanda.
Hakuaga.
Mahindi hayangoji, labda.

Wiki iliyofuata tulikata, tukajaza, tukashindilia.
"Sasa tuiachie mvua," akasema fundi,
"yeye ndiye mkaguzi, na hali rushwa."
Ilinyesha usiku kucha juu ya Kigumba.
Nililala nikihesabu mabati ya nyumba ya kupanga.

Alfajiri nilikwenda na tochi.
Kiwanja kilikuwa kimelala kama meza.
Hakuna ufa, hakuna palipotitia,
isipokuwa kidimbwi kimoja karibu na kigingi cha magharibi,
ukubwa wa kisigino,
kisigino cha viatu vya mtu aliyepita jana jioni
nami nikiwa sipo,
akasimama hapo muda mrefu.

Okethwengu alikuja na koleo la maramu.
"Hicho nikizibe?"
Nikamwambia aanzie upande mwingine.