Kufuli la Sanduku Jeupe

Nililinunua mimi lile kufuli,
Ijumaa, sokoni Mpondwe, shilingi elfu nane,
kwa sababu pamba ilikuwa ikiota miguu
na bandeji yetu niliiona kwa macho yangu
imefunga mihogo kwenye baiskeli ya mtu.
Mimi mweka hazina. Kazi yangu kutunza.
Nikatunza.

Sanduku tulilitundika ndani ya kibanda cha uwanja,
jeupe, na msalaba wa rangi ya kucha
aliyoitoa Biira, muuza sambusa.
Timu ngeni zikija tunawaonyesha:
huduma ya kwanza hiyo, tunayo.
Wanatikisa kichwa kwa heshima.
Hakuna aliyewahi kuuliza ufunguo.

Uwanja wa Bwera ule wa juu una mteremko.
Mpira ukikushinda unaufuata migombani.
Winga wetu jina lake Kule,
na kule ndiko alikokimbilia siku zote,
hata mpira ukiwa umeshatoka.
Jumapili hiyo nyasi zilikuwa na mvua ya asubuhi.
Nilisikia kabla sijaona:
mlio wa ukuni mkavu,
na hapakuwa na mtu aliyekuwa akipasua kuni.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti,
mwenyekiti alikuwa Kasese, harusini,
simu ameizima kwa ajili ya misa.

Mnyanyueni, akasema mmoja.
Mpeni maji. Mkandeni, mvuteni unyooke!
Watu ishirini, mikono arobaini,
na mguu mmoja uliopinda pasipo na goti.

Biira akaacha beseni lake wazi.
Asiguswe, alisema. Hakupiga kelele.
Alikuwa amesoma siku tatu tu, kituo cha afya,
mwaka ule walipowafundisha akina mama wa soko.
Akapiga magoti topeni, akamuuliza Kule
majina ya mbuzi wa kwao, mmoja mmoja,
na Kule, huku meno yanagongana, akayataja.
Vijiti vya bendera za kona, akaagiza. Viwili.
Akavivika jezi za wachezaji wa akiba,
akafunga kwa kitenge chake alichokichana,
juu ya palipovunjika, na chini yake,
penyewe hakupagusa.
Kisha akaminya ukucha wa kidole gumba cha mguu,
akangoja weupe ugeuke.
Sisi sote tukangoja ukucha.
Ukageuka.

Machela? Tuling'oa mlango wa kibanda.
Bawaba zililia, misumari ikaruka,
na ndani, ukutani, sanduku likatutazama.
Mlango tuliuvunja. Kufuli langu
hakuna aliyethubutu kulivunja.

Jumanne mwenyekiti akalifungua.
Glavu moja, ya mkono wa kushoto.
Chupa ya spiriti, spiriti imeshapaa.
Mkasi usiokata hata uzi,
na risiti ya kufuli, nimeikunja mwenyewe,
safi, kama barua ya posa.

Ajali haina kinga, tulirithi kusema hivyo
na tukakaa kitako juu ya maneno hayo.
Haina kinga, kweli.
Ila ina dakika. Na dakika zina mwenyewe,
ama mtu amezipanga tangu Jumamosi
ama zinapita zikituchungulia.

Sasa refa hapulizi filimbi
mpaka Biira ahesabu kwa sauti:
bandeji sita, glavu jozi nne, mkasi (anakata uzi, tunauona),
vibao viwili alivyovichonga seremala Mbusa.
Pikapu ya Thembo inageuza pua barabarani,
namba yake ya simu imepakwa ukutani kwa chokaa
mahali palipokuwa na orodha ya faini.
Vijana kumi na mmoja wanajua kumlaza mtu ubavu.
Walicheka walipojifunza. Waache wacheke.

Pamba bado inaota miguu.
Juzi imepotea tena robo nzima.
Nikaandika kwenye daftari: pamba, elfu tano,
nikanunua nyingine.

Kule anakaa kwenye mstari na gongo lake,
anawafokea mawinga wenzake wasikimbilie mpira uliokufa.

Na lile kufuli nimelipeleka nyumbani,
bandani kwa kuku wangu.
Huko linafanya kazi yake vizuri sana.