Shuka ya Kiponda

Mie ni dobi. Sikupewa Jina,
sikukaa nao alfajiri kufumba macho
kuisikiliza Sauti waliyosema imo ndani ya kila fuvu.
Mie nilipokea shuka.

Kila Jumatatu, miaka kumi na tisa,
shuka nyeupe ya godoro la Bawa Mehar,
ghorofa ya pili, Kiponda, juu ya duka la misumari.
Alama yake uzi mwekundu, fundo moja pembeni.
Naitia buluu, naipiga pasi ya makaa,
naipandisha ngazi kichwani,
nao hunikalisha chini, mstari mmoja na wenye maduka,
hunipa dengu na chapati, wala haniulizi mtu dini yangu.

Bawa alikufa Jumanne.
Shuka ilikuwa kwangu, imelowekwa.

Majivu hayajapoa, fundi Gurdiali akatoa kilemba:
"Alinivisha kwa mkono wake, usiku, sisi wawili tu."
Satwanti, mshika daftari na ufunguo wa stoo,
akatoa karatasi yenye dole gumba.
Wino umetapakaa. Laweza kuwa dole la yeyote,
laweza kuwa langu.
Wiki haijaisha, barua ikaja kutoka Dodoma:
yupo wa tatu, naye ameota.

Wakakata ukumbi kwa mbao.
Gurdiali mwenyewe alizipiga randa, na kazi yake nzuri, sina la kusema,
mvule mtupu, hakuna ufa wa kupitisha sindano.
Upande huu wanasikiliza Sauti.
Upande ule wanasikiliza Sauti.
Kila mmoja analalamika mwenziwe ana kelele.

Sasa Jumatatu napokea shuka mbili,
uzi wa samawati wa Gurdiali, wa manjano wa Satwanti,
na onyo: zisifuliwe beseni moja.
Nazifua beseni moja.
Bomba hutoka saa nane za usiku, nani atabeba ndoo mara mbili?
Jasho la waumini halina tawi.

Dengu bado zipo, kuwili,
lakini nikila huku, kule wananitazama mdomo.
Baldevu, kijana wa jikoni, amehama mara tatu;
safari ya mwisho alisahau chumvi ameiacha upande gani.

Wazee walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime.
Mie sina jembe. Nina kapu,
na chini ya kapu shuka ile ya mwanzo, fundo jekundu,
na doa la bizari hapo kati,
alipomwagikiwa na bakuli siku aliyocheka mpaka akakohoa.
"Liache, Bi Mize," alinambia.
"Likitoka watadhani sijawahi kula."

Wamejua.
Gurdiali alikuja mlango wa mbele, na elfu hamsini.
Satwanti alikuja mlango wa uani, bila senti, analia,
na huyo nusura aniweze.
Wote wawili waliuliza neno moja:
doa bado lipo?

Ukutani kwangu pameandikwa kwa makaa
NGUO ISIYOKOMBOLEWA MIEZI MITATU NI YA DOBI.
Leo siku ya themanini na nane.
Masika yanapiga bati,
mtu anabisha, sijui mlango upi,
nami najibu kama dobi yeyote duniani:
haijakauka.